Nguo Zisiliwe na Nondo, na Mtoto Asidhurike

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisumu na ufuo wa ziwa)

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za mbegu. Tumekuja kuzungumza juu ya mdudu mdogo, asiyezidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambaye hutuharibia mali ndani ya sanduku sisi tukiwa tumelala. Huyo ni nondo. Tena tutazungumza juu ya dawa tunayomwekea, kwa maana dawa hiyo mara nyingine ni hatari kuliko nondo mwenyewe.

Pengine mtu atauliza, "Nondo ni shida ya watu wa baridi. Sisi wa Kisumu na joto hili, tuna sufu gani?" Haya, tuhesabu. Kuna suti ya baba ya kwenda harusini na mazishini. Kuna koti zuri la mitumba kutoka soko la Kibuye, lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kuna blanketi la sufu, shali ya nyanya, na kofia ya mtoto mchanga. Kuna usinga wa mzee, ngozi ya kukalia, na manyoya ya mbuni ya wachezaji ngoma. Vitu hivi vingi havinunuliwi mara mbili. Vikiliwa, vimekwenda.

Tumjue adui

Nondo wa nguo ni mdogo, ana rangi kama majani makavu yanayong'aa kidogo. Yeye mwenyewe hali nguo. Akishakuwa na mabawa hali kitu tena. Kazi yake ni kuzaa na kufa. Jike hutaga mayai kama 40 au 50 katika mikunjo ya nguo, na mayai hayo ni madogo hata huwezi kuyaona vizuri. Katika joto letu huanguliwa kwa siku chache tu, na hapo hutoka viwavi weupe, vichwa vyao vya kahawia. Viwavi ndio wanaokula. Wanaweza kula miezi miwili au zaidi kabla ya kugeuka kuwa nondo. Kwa hivyo ukimwona nondo akiruka chumbani, ujue chakula kimeshaliwa.

Nondo wa nguo anaogopa mwanga. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa si nondo wa nguo, wala kumbikumbi (ngwen) si wao. Hao hawali suti ya mtu. Nondo wa nguo ukifungua sanduku hukimbilia gizani. Mtafuteni chini ya kola, kwenye kwapa, ndani ya mifuko na kwenye mishono. Mkiona matundu yasiyo na mpango, utando mwembamba kama wa buibui, au vijifuko vidogo vya nyuzi vinavyotembea, basi mgeni yumo ndani.

Tusimsingizie pia. Panya huacha kinyesi na kuchana kitambaa vipande vipande. Mchwa huja na udongo wake kutoka sakafuni. Unyevu nao huleta ukungu, yale madoa meusi yanayonuka. Kila mmoja ana dawa yake, na ukikosea mgonjwa utapoteza pesa.

Je, nguo hii italiwa?

Kiwavi wa nondo anapenda kitu kilichotoka kwa mnyama: sufu, nywele, manyoya, ngozi, hata hariri. Pamba si chakula chake. Vitambaa vya pamba kama vile vilivyotoka kiwanda cha Kicomi hapa Kisumu, kabla hakijafungwa miaka ya 1990, nondo hakuvijali. Nailoni na polista pia si chakula. Lakini kitambaa chochote kikiwa na jasho, mafuta au mchuzi, kiwavi anaweza kukitafuna kwa ajili ya ule uchafu. Basi kanuni ya kwanza ni hii: usiweke nguo chafu sandukuni, hata kama uliivaa mara moja tu.

Hamjui kama ni sufu au la? Vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uushike kwa koleo, uuchome nje ya nyumba mbali na watoto. Ukinuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, hiyo ni polista au nailoni. Ukiwaka kama karatasi, hiyo ni pamba. Kwa jaribio hili utajua ni nguo zipi za kulinda, na pengine utakuta ni tatu au nne tu nyumbani mwote.

Zulia nalo ni vivyo hivyo. Mazulia mengi tuliyo nayo ni ya nailoni na hayaliwi. Lakini chini ya kochi na kabati hukusanyika nywele, vumbi na wadudu waliokufa, na hapo viwavi hulishwa vizuri. Kuku wakilala ndani ya nyumba, manyoya yao ni chakula cha nondo. Kiota cha ndege chini ya mabati pia ni shamba lake. Ukisafisha sanduku na kuacha kiota juu, umefukuza mwizi ukamwachia mlango wazi.

Vidonge vyeupe

Sasa tufike pale penye uzito. Wengi wetu tukiona nondo tunakwenda dukani au kwa mchuuzi kununua vile vidonge vyeupe vinavyonuka sana. Vingi vimetengenezwa kwa naftalini. Mara nyingi huuzwa kwa kuhesabiwa, bila pakiti wala maandishi, hivyo huwezi kujua ni dawa gani. Tunavitia kwenye sanduku pamoja na nguo zote. Na nguo zipi tunazitunza zaidi? Ni zile za mtoto wa kwanza, tukizingojea zivaliwe na wa pili.

Jamani, hapo ndipo penye hatari. Katika damu kuna kitu kinacholinda chembe nyekundu, madaktari wanakiita G6PD. Baadhi ya watu huzaliwa nacho kikiwa kidogo. Hali hiyo hupatikana zaidi mahali ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi, na ufuo wa ziwa letu ni mahali pamojawapo. Wavulana ndio hupatwa zaidi. Mtu anaweza kuishi hadi uzee bila kujua, ila akikutana na vitu fulani, naftalini ikiwa mojawapo, chembe zake nyekundu hupasuka kwa wingi.

Kwa mtoto mchanga ni mbaya zaidi. Ini lake bado halijakomaa, haliwezi kuondoa haraka ule umanjano unaotoka kwenye chembe zilizopasuka. Ukizidi, huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akabaki kiziwi, au akakua viungo vyake visimtii. Na si lazima ameze kidonge. Kuvuta ile harufu kutoka kwenye blanketi kunatosha. Mafuta tunayompaka mwilini huisaidia sumu kupenya ngozi.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga 21 ambao damu yao iliharibika baada ya kuvuta naftalini, na si wote waliokuwa na upungufu huo wa G6PD. Huko Nigeria pia madaktari wameeleza visa vya namna hii. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliitaja naftalini kati ya vitu vinavyochafua hewa ya ndani ya nyumba, likasema njia bora ya kujikinga ni kuacha kabisa vidonge hivyo.

Tunasema haya kwa sababu mtoto akigeuka manjano siku chache baada ya kuletwa nyumbani, majirani huanza kunong'ona. Huyu atasema ni chira, yule atamlaumu mama. Kumbe pengine ni blanketi. Macho yakiwa manjano, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, au mkojo ukiwa mweusi kama strungi, msingoje asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, nao wakiona haja watamtuma hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi bado wanaiita Russia. Mwambieni daktari kama nguo zilikuwa na vidonge.

Mtoto mkubwa naye huviona vidonge kama peremende. Akimeza hata kimoja, msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta, kwa sababu mafuta huifanya sumu iingie mwilini upesi. Mchukueni hospitalini pamoja na kidonge kilichobaki au pakiti yake. Hata akionekana mzima, nendeni, kwani madhara yanaweza kutokea baada ya siku moja au zaidi.

Tena tunaomba: dawa ya kupe, dawa ya mahindi na dawa ya kunyunyizia mboga zisiguse nguo. Zilitengenezwa kwa kazi nyingine, na mwili hauchagui.

Kazi ya kufanya

Nondo anaweza kushindwa bila sumu. Fuateni hatua hizi.

1. Toeni kila kitu sandukuni siku ya jua kali. Pigeni nguo, zikung'uteni, mzisugue kwa brashi kwenye mishono, kola na mifuko. Kiwavi hapendi mwanga; wengi wataanguka. Fanyeni hivyo mbali na nyumba.

2. Fueni zinazofulika. Maji moto sana hunywesha sufu, basi tumieni maji ya uvuguvugu, kisha anikeni mpaka zikauke kabisa.

3. Pigeni pasi ya moto, pole pole, juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo, zaidi kwenye mishono. Joto la pasi huua mayai. Pasi ya makaa inatosha.

4. Nguo isiyofulika, kama suti, ifungeni ndani ya karatasi ya nailoni nyeusi, ikiwa imetandazwa, isiwe furushi nene. Iwekeni juu ya bati juani toka saa nne hadi saa kumi, mkiigeuza. Joto likifika nyuzi 50 mpaka ndani na kukaa hivyo saa nzima, mayai na viwavi hufa. Mwenye friza anaweza kuiweka humo wiki mbili ikiwa imefungwa kabisa. Ila kama ni friza ya samaki, mjue suti itakwenda harusini ikinuka ngege!

5. Fagieni chini ya vitanda na makochi, na kwenye pembe. Zulia litoeni nje, lipigeni pande zote mbili. Taka zichomeni au zifukieni. Ondoeni viota vitupu, na kuku wapewe nyumba yao.

6. Sanduku lisafisheni kwa maji ya sabuni, likauke juani. Rudisheni nguo zikiwa safi na kavu, mlifunge vizuri. Sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana ni bora kuliko katoni. Asiye na sanduku atumie ndoo kubwa yenye kifuniko, au gunia jipya la kuhifadhia mahindi, lile lenye nailoni mbili ndani, akilifunga kwa kamba. Gunia lililowahi kuwekwa mahindi yenye dawa halifai.

7. Fungueni mkague kila mwezi, na zaidi baada ya mvua za masika. Nguo inayotolewa mara kwa mara nondo haikai.

Je, majani ya mwarobaini? Yakikaushwa na kufungwa kwenye kitambaa, harufu yake huenda ikamsumbua nondo, lakini haiui mayai yaliyokwisha kutagwa. Ni msaidizi tu. Jua na usafi ndio wenye kazi.

Nguo ya mitumba isiingie sandukuni siku ya kununuliwa. Hakuna ajuaye ilikaa wapi. Ianze na jua, maji na pasi.

Kikundi kifanye nini?

Mmoja akisafisha na jirani asisafishe, nondo watarudi kwa mgeni wa kwanza atakayeazimwa blanketi. Basi fanyeni pamoja. Chagueni Jumamosi moja mwezi wa Januari, jua likiwa kali, kila boma litoe masanduku nje. Kikundi chenye blanketi za kuazima wakati wa matanga kizikague zikirudi, kabla hazijawekwa stoo. Pesa za merry-go-round zinaweza kumnunulia kila mwanachama sanduku la bati kwa zamu. Na mama anayekaribia kujifungua atembelewe na wawili wa kikundi, wamsaidie kutoa nguo za mtoto, kuzifua na kuzianika. Zile zilizokaa na vidonge, hata zikifuliwa, ni heri mtoto mchanga apewe nyingine. Vidonge vilivyobaki visitupwe jalalani ambapo watoto hucheza. Vifungeni kwenye mkebe, muulize afisa wa afya ya jamii mahali pa kuvipeleka.

Suti ikiliwa tutasikitika, lakini fundi wa Kibuye anaweza kuweka kiraka. Ubongo wa mtoto hauna fundi wa kuutia kiraka. Mkirudi nyumbani leo, kabla ya kupika, fungueni sanduku lenye nguo za mtoto, mnuse.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwetu nguo za sufu ni zipi? Tumezijaribu kwa moto?
2. Nani kati yetu ana vidonge sandukuni? Vitaondolewa lini?
3. Ni mama gani wa kikundi anayetarajia mtoto, na nani watamtembelea?
4. Siku yetu ya kuanika itakuwa lini?