Kuwaonya Watu Juu ya Utapeli: Tuseme Nini, na Tusemeje?



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya namna ya kuwaonya watu wasitapeliwe. Mtu angedhani kazi hiyo ni nyepesi: kubandika tangazo mlangoni mwa kanisa na kusoma onyo pamoja na matangazo ya Jumapili. Tumefanya hivyo miaka mingi, na bado watu wanalizwa. Yafaa basi tujiulize kama maneno yetu yanawafikia.

Tuanze na jambo la DECI, ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilizisimamisha shughuli zake, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Watu walikuwa “wakipanda” fedha na kungojea “kuvuna” maradufu. Maneno hayo yalichumwa katika mahubiri, na miongoni mwa waliokuwa mbele walikuwamo wachungaji. Tumezoea kuwasuta waliopoteza fedha zao kwamba tamaa iliwaponza. Lakini wengi wao walimwamini mtu waliyefundishwa tangu utotoni kumwamini. Hapo sisi watu wa makanisa, wa madhehebu yote, hatuna budi kuinamisha vichwa kabla ya kuinua vidole.

Tena liko suala la neno. Mashtaka yaliuita mchezo ule “upatu”. Kumbe neno hilo mama zetu wanalo siku zote, na kwao ni jambo jema: wanawake kumi hutoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa juma, na kila juma mmoja wao hupokea 100,000, hadi zamu ziishe. Hakuna apataye zaidi ya alichotoa. Mama huyo akisikia redioni kwamba upatu ni kosa la jinai, ama ataogopa bure, ama ataona kwamba wakubwa hawajui wasemalo, na onyo zima litapita kando ya sikio lake. Kwa hiyo tuueleze mchezo wenyewe ulivyo, jina lifuate baadaye.

Njia moja ya kuueleza ni hesabu, nayo yatosha chaki na ubao. Mtu mmoja anaagizwa alete watano, na kila mmoja wa hao alete watano wengine. Hatua ya pili ni watu 25, ya tatu 125, ya nne 625. Endeleeni mpaka hatua ya kumi na moja, kisha jumlisheni wote: ni watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Hatua ya kumi na mbili itawapata wapi watu wake? Fedha ya aliyetangulia hutoka mfukoni mwa aliyemfuata, na wa mwisho ndio wengi kuliko wote. Tumeona wazee wasiojua kusoma wakilifahamu jambo hili upesi kuliko sisi tulioliandika.

Utapeli wa simu ni wa namna nyingine. Ujumbe unakuja: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Hautaji jina wala kiasi, na nguvu yake imo humo humo. Ukitumwa kwa watu maelfu, hawakosekani wachache ambao saa ile ile walikuwa wakijiandaa kumtumia mtu fedha. Tulimfahamu mjane mmoja aliyeupokea asubuhi ya kulipa ada ya mjukuu wake. Akatuma. Alikaa miezi minne bila kumwambia mtu, hata mwanawe, na katika miezi hiyo jirani yake mlango wa pili alilizwa kwa ujumbe ule ule.

Kwa maoni yetu, tatizo kubwa liko hapa. Mwizi akivunja nyumba, tunapiga yowe na kijiji kinatoka. Aliyetapeliwa hapigi yowe, maana anajua atachekwa. Na sisi, tukisema ukweli, humcheka. Aibu yake inakuwa maficho ya mwizi. Mabango yote ya Serikali hayatafaa kitu mahali ambapo jirani hawezi kumwambia jirani, “Jana nimelizwa.”

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika jumuiya ndogo ndogo mafundisho haya yasianze na mtaalamu. Aanze mwenyekiti, au katekista, au padre, kama naye aliwahi kulaghaiwa. Nasi katika Tume tumo. Mmoja wetu alikwisha kumpa mtu namba yake ya siri. Maelekezo yawe machache na yatendeke: kabla ya kutuma, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua tangu zamani, usikie sauti yake, namba ya siri usimtajie yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, na namba ya tapeli ipelekwe 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sasa tugawanyike katika makundi. Kila kundi litunge tangazo moja la dakika mbili kwa lugha ya kwao, kisha lisomewe mtu ambaye hakuwamo humu ukumbini. Mama wa jikoni wamekubali kutusikiliza, na watatuambia wapi hawakuelewa.