Jiko Banifu kwa Kila Kaya



Maskini hununua mkaa kwa kopo, siku kwa siku, naye hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia zima. Jiko banifu, yaani lile la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, likitumiwa vema laweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja. Lakini bei yake hudaiwa mara moja, na mwenye kipato cha kutwa hana fedha hizo. Hivyo anayehitaji zaidi kubana matumizi ndiye asiyeweza.

Hili ni suala la haki, si la sadaka tu. Mwaka 2015, katika waraka Laudato si', hayati Papa Fransisko alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ianzishe mfuko wa mzunguko. Inunue majiko machache, iwape kwanza wajane na wenye watoto wengi, nao warudishe bei kidogo kidogo kutokana na mkaa waliookoa, bila riba. Fedha zirejeazo zinunue jiko la jirani. Hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Hapo hatakuwapo aombaye, wala aachwaye.