Akaunti Imefungwa: Ufanye Nini?

WhatsApp inaweza kukufungia ukitumia GB WhatsApp, ile nakala isiyo rasmi, au ukituma ujumbe ovyo kwa watu usiowajua. Facebook nayo hufunga akaunti, na hata wakubwa hawaponi: Januari 2021, kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifuta akaunti za uongo ilizozihusisha na wizara ya mawasiliano ya nchi hiyo.

Ukifungiwa kwa muda, weka WhatsApp halali, kisha ungoje. Ukifungiwa kabisa, omba uchunguzi upya ndani ya programu yenyewe. Facebook hutoa siku 180 za kukata rufaa, usizichezee. Na anayekudai pesa ili akufungulie ni tapeli: usimpe ile namba ya tarakimu 6 inayoingia kwa SMS.