Sisi Hatuna Pango

Msikilizaji, habari ya magombo ya Bahari ya Chumvi umeshaisikia. Tangu tarehe 4 Juni 2025 imesomwa na kurudiwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, wameunganisha akili mnemba na kipimo cha kaboni, na wanasema mengi ya maandiko yale ya Kiebrania na Kiaramu, yaliyotolewa kwenye mapango ya jangwani, ni makongwe kuliko tulivyoambiwa. Ni habari njema, na wenyewe wafurahi. Kituo hiki hakina la kuongeza. Kilichotukaa rohoni ni kingine.

Wenzetu wana mapango. Sisi hatuna pango.

Jangwa lile ni kavu. Ngozi ilikaa mle kama miaka elfu mbili, mchungaji wa Kibedui akaja kuiokota miaka ya 1940, na bado ilisomeka. Hapa kwetu Dar es Salaam weka karatasi Mbagala uiache masika mawili, kisha uje utuambie. Mchwa anataka yake, panya anataka yake, bati linavuja. Wakazi wa bondeni waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, wakapelekwa Mabwepande, waliokoa nini? Watoto, godoro, sufuria. Sanduku la babu nani alilikumbuka?

Na sanduku la babu halikuwa na takataka. Pwani hii iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla Mjerumani hajashuka. Waliandika mauziano ya mashamba ya minazi, mirathi, talaka, madeni, tenzi, dawa, nasaba za koo. Miongoni mwa barua kongwe kabisa za Kiswahili zilizosalia ni za mwaka 1711, zilizotoka Kilwa. Leo ziko wapi? Ziko Goa, India, kwenye nyaraka zilizoachwa na Wareno. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kitabu kikachapwa wapi? Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Tumelisema hili na tutalisema tena: karatasi zetu zinasubiri mgeni. Mgeni aje aziokote, mgeni azisome, mgeni atuambie babu zetu walisema nini.

Kuna atakayesema, yale ya jangwani ni maandiko matakatifu, hizi zetu ni barua tu. Si kweli. Mwaka 1961, katika pango moja upande wa magharibi wa Bahari ya Chumvi, msafara wa mwanaakiolojia Yigael Yadin ulikuta mkoba wa ngozi wa mwanamke wa Kiyahudi aitwaye Babatha. Ndani mlikuwa na hati 35, nyingine za Kiyunani, nyingine za Kiaramu na za Kinabatea. Zilihusu nini? Mashamba ya mitende. Mkataba wa ndoa. Kesi ya Babatha na wasimamizi wa mwanawe yatima, waliokuwa wakitoa matunzo kidogo. Msikilizaji wa Temeke, kesi hiyo huijui? Hiyo ndiyo iliyoko baraza la kata wiki hii. Mama yule alifungasha hati zake akakimbia nazo vita, na leo wanazuoni wa dunia nzima wanazisoma. Hakuna aliyesema ni barua tu.

Wala tusidhani pango peke yake linatosha. Programu iliyotumiwa na watafiti wale imepewa jina Enoch, yaani Henoko. Kitabu cha Henoko kiliandikwa kwanza kwa Kiaramu. Qumran, kwenye mapango yale ya jangwani, vimepatikana vipande vyake, vingine si vikubwa kuliko kiganja. Lakini kitabu kizima kimebaki Ethiopia, kwa Kigeezi, kwa sababu watu wa kule waliendelea kukinakili kwa mkono na kukisoma, kizazi baada ya kizazi. Jangwa lilihifadhi vipande. Waafrika walihifadhi kitabu. Aliyekiokoa ni mtu aliyekaa chini na kalamu.

Sasa turudi nyumbani. Mzee amefariki, arobaini imepita, vijana wanasafisha chumba. Wanatoa makaratasi yenye herufi za Kiarabu. Wanaogopa. Mmoja anasema huenda ni aya, tuzichome kwa heshima. Mwingine anasema ni uganga wa mzee, tuzitupe baharini. Zinachomwa, zinatupwa. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja. Pengine ilikuwa dua, hatukatai. Pengine ilikuwa hati ya shamba ambalo hadi leo wanagombana na majirani. Tunachoma tusichokijua, kisha tunalalamika hatuna historia.

Na wasomaji tunao! Pita Tandika, pita Mwananyamala, pita Manzese baada ya alasiri, usikie watoto kwenye vyuo vya Kurani. Herufi wanazijua. Ila hakuna aliyewaambia kwamba kwa herufi hizohizo babu yao aliandika Kiswahili. Na si kazi ya kukurupukia. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ya ch, wala ya v. Katika hati nyingi za zamani, be ileile moja mwandishi aliitumia kwa ba, kwa pa na kwa mba. Mtoto peke yake atakwama, kwa kuwa lugha ya mwaka ule haijui. Bibi peke yake huenda macho yamechoka. Waketi pamoja, mmoja na macho, mwingine na lugha, mstari utafunguka. Lakini bibi hatungoji. Kila mwaka anayeweza kutegua mstari ule anatutoka, na hakuna maabara ya Uholanzi itakayomrudisha.

Serikali nayo tuiulize. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizoko Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Maandishi na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar vikaingizwa mwaka 2003. Vizuri sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hadi mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Vizuri pia. Basi faili la Mjerumani lina ulinzi wa dunia, mlango una sheria. Barua ya bibi yako wa Tandika ina ulinzi wa nani? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kina hazina kubwa ya hati za Kiswahili, nyingi zilikusanywa miaka ya 1960 kwa kuzunguka pwani nyumba kwa nyumba, na orodha yake mtafiti J.W.T. Allen aliichapisha mwaka 1970. Kazi ya nyumba kwa nyumba iliwezekana wakati huo, barabara mbovu, simu za mkononi hakuna. Leo kila kijana ana kamera mfukoni. Tunangoja nini? Tunangoja mgeni!

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kutakuwa na hotuba, kutakuwa na ngoma, kutakuwa na fulana. Manispaa za Kinondoni na Temeke, mwaka huu tengeni meza moja tu. Meza moja, mtu mmoja anayejua kusoma hati hizi, kijana mmoja wa kupiga picha. Mwenye karatasi aje nayo, isomwe, ipigwe picha, arudi nayo nyumbani. Isichukuliwe mikononi mwake. Watu wameficha karatasi zao kwa sababu walizoazimwa hazikurudi.

Maimamu, walimu wa madrasa, semeni Ijumaa hii. Wenyeviti wa mitaa, semeni kwenye mikutano. Nawe msikilizaji, usingoje mwenyekiti. Lile begi la shangazi kaja juu ya kabati, lile sanduku la bati chini ya kitanda, litazame. Usichome! Usitupe! Usimuuzie mpita njia kwa bei ya vocha! Kama imelowa, ianike kivulini, si juani. Usiibandike kwa gundi, usiitie kwenye lailoni ikiwa mbichi. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma. Andika ilikuwa ya nani, alikaa wapi. Kisha mkalishe mzee na mjukuu, wasome. Wasome leo, si mwakani.

Sisi hatuna pango, wala jangwa la kututunzia. Karatasi ikipotea Mbagala imepotea. Mlinzi wake ni wewe.