Ajali Yenye Kinga: Somo la Daraja la Zambezi

Katika mpaka wa nchi jirani za Zambia na Zimbabwe, Mto Zambezi ukisha kuporomoka kwenye Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao, huingia katika korongo jembamba lenye kingo za mwamba mtupu. Juu ya korongo hilo limesimama daraja la chuma ambalo tao lake lina urefu wa mita 156 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, na ambalo liko mita 128 hivi juu ya maji ya kiangazi. Daraja hilo lilifunguliwa tarehe 12 Septemba, 1905, na hadi leo linapitisha treni, malori na watembea kwa miguu.

Askari hahitaji kuelezwa thamani ya daraja. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipoufunga mpaka wake na Zambia mwaka 1973, daraja hilo liligeuka kuwa mlango uliokomewa. Tarehe 26 Agosti, 1975, behewa la treni lilisimamishwa juu yake, na ndani ya behewa hilo wapigania uhuru wa Zimbabwe wakakaa meza moja na Ian Smith, huku Rais Kaunda wa Zambia na Vorster wa Afrika Kusini wakiwapo. Mwezi Oktoba, 1979, majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la reli ya TAZARA kwenye Mto Chambeshi, huko Zambia, kwa sababu yalijua kwamba kuvunja daraja ni kukata mshipa wa damu wa taifa. Kwa hiyo madaraja hulindwa kwa bunduki usiku na mchana, na ni haki yalindwe.

Lakini liko jambo moja ambalo hulisahau hata wale wanaolilinda daraja kwa uaminifu mkubwa. Daraja halikujijenga, wala halijitunzi. Yuko mtu aliyepanda juu ya boriti zake kupiga ribiti, na yuko mtu anayepanda leo kukwangua kutu, kupaka rangi na kukaza nati. Uhai wa mtu huyo unalindwa na nini?

Historia ya Daraja la Zambezi ina jibu la kufundisha. Kazi ya ujenzi ilifanywa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Cleveland Bridge ya Darlington, Uingereza. Vyuma vilifuliwa Uingereza, vikasafirishwa kwa meli hadi bandari ya Beira, Msumbiji, kisha vikapandishwa kwa reli mpaka ukingoni mwa korongo. Haikuwezekana kusimamisha nguzo za muda katikati, kwa kuwa chini kulikuwa na shimo na maji yaendayo kasi. Basi tao likajengwa kutoka kingo zote mbili kwa wakati mmoja, kila nusu ikisogea hewani kuielekea nyenzake. Ili nusu hizo zisitumbukie kabla ya kukutana, wahandisi walizifunga kwa nyuma kwa kamba nene za waya zilizotiwa nanga ndani ya mwamba. Siku moja kabla ya kuunganishwa, joto la mchana lilikuwa limekitanua chuma hata vipande vya mwisho havikuingia mahali pake. Baridi ya usiku ikakipunguza, na alfajiri ya tarehe 1 Aprili, 1905, nusu mbili zikashikana.

Hapo ndipo penye somo. Mhandisi hakukiamini chuma kwa nguvu zake peke yake. Hakusema kwamba chuma hiki ni shupavu na kimezoea, kwa hiyo hakitaanguka. Alikifunga kwenye mwamba kwanza, ndipo akakiruhusu kwenda mbele hatua kwa hatua. Wafanyakazi nao walitandikiwa wavu chini ya kazi yao, na kwa siku zile hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo wavu hupokea mtu aliyekwisha kuanguka, na nguvu zake zina kikomo.

Kikomo hicho kilionekana wazi huko San Francisco, Marekani, wakati wa kujenga Daraja la Golden Gate kati ya mwaka 1933 na 1937. Wavu uliotandikwa chini ya daraja hilo uliokoa watu 19, na sifa zake zikaenea. Kisha tarehe 17 Februari, 1937, zikiwa zimebaki wiki chache tu kazi kwisha, jukwaa la kazi lilichomoka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Uzito wa jukwaa ukaupasua wavu, na watu 10 wakafa. Wavu uliotosha kumpokea mtu haukutosha kulipokea jukwaa.

Ndiyo maana miaka iliyofuata wataalamu walitafuta njia ya kumfanyia mtu kile ambacho wajenzi wa Zambezi walikifanyia chuma, yaani kumtia nanga. Hapo mwanzo fundi alivaa mshipi wa kiuno wenye kamba. Ilidhihirika baadaye kwamba mshipi huo, hata ukimzuia mtu asifike chini, huweza kumvunja mgongo au kumpasua viungo vya tumboni kwa mkupuo wake. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Januari, 1998, mshipi wa kiuno hauruhusiwi tena kutumika katika kazi za ujenzi kama kifaa cha kumdaka mtu anayeanguka. Mahali pake umeshika mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani, ukaugawa mshtuko katika sehemu za mwili zenye uwezo wa kuuhimili.

Lakini mkanda na kamba havina maana kama ncha ya pili ya kamba imefungwa mahali pasipofaa. Vifo vingi hujificha hapo. Fundi huifunga kamba yake kwenye bomba la umeme, au kwenye reli ya kushikia mkono, au kwenye fungu la nondo ambalo halijamwagiwa zege, naye akajiona yu salama. Kanuni za Marekani zinataka nanga ya kila mtu mmoja iweze kuhimili nguvu ya ratili 5,000, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 2,270 hivi, ama iwe imepimwa na mtaalamu na kuthibitishwa kuwa na nguvu mara mbili ya zile zinazohitajika. Wapo watakaouliza kwa nini mtu wa kilo 80 afungwe kwenye kitu cha kubeba zaidi ya tani mbili. Jibu ni kwamba mtu anayeanguka hana uzito ule wa mtu aliyesimama. Katika kuanguka mita 1.8 tu, ambazo hazizidi kimo cha mtu, hupita sekunde sita za kumi, na mwili hufikia mwendo wa kilomita 21 kwa saa. Kuusimamisha mwili huo ghafla kunazaa nguvu kubwa mara nyingi kuliko uzito wake.

Tatizo la pili ni la mwendo. Kazi ya boriti si ya kukaa mahali pamoja. Fundi hutembea juu ya chuma kutoka ribiti hadi ribiti. Ikiwa amefungwa mahali pamoja, kila baada ya hatua chache itambidi afungue kulabu, asogee, afunge tena, na katika nafasi hiyo ya kufungua na kufunga hana ulinzi wowote. Na kama ameachiwa kamba ndefu ili asipate taabu hiyo, basi akianguka akiwa mbali na nanga atabembea kama timazi na kujipigiza kwenye nguzo ya jirani.

Dawa ya tatizo hilo ni nanga ya kuteleza. Kifaa hiki ni upau mfupi wa chuma wenye taya mbili. Boriti ya chuma ikitazamwa kwa ncha yake ina umbo la herufi I, yaani ina bapa la juu na bapa la chini. Taya za nanga hushika kingo mbili za bapa moja, zikarekebishwa zilingane na upana wake, kisha zikafungwa kwa komeo. Katikati ipo pete ya kutia kamba. Fundi anapotembea, nanga humfuata ikiteleza juu ya bapa, wala hana haja ya kuifungua. Akianguka, uzito wake huzibana taya kwenye chuma, na safari ya nanga ikaishia hapo. Ni kifaa kidogo kinachochukulika kwa mkono mmoja, na hufungwa kwa muda mfupi.

Hata hivyo haifai kukisifu kifaa hiki kupita kiasi, kwani chombo kisichoeleweka humdanganya mwenyewe. Nanga ya kuteleza yafaa kwenye boriti iliyolala, wala haifai kwenye boriti ya mteremko au nguzo ya wima, isipokuwa iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ncha za boriti lazima ziwe na kizuizi, la sivyo nanga itateleza hadi mwisho na kuchomoka pamoja na mtu wake. Boriti mbili zinapokutana, fundi awe na kamba mbili, ili ya pili ifungwe kabla ya ya kwanza kufunguliwa. Nanga inapokuwa kwenye boriti ile ile anayokanyaga, yaani chini ya nyayo, mtu ataanguka umbali mrefu zaidi kabla ya kamba kukaza. Kwa hiyo inampasa atumie kamba na kipunguza mshtuko vilivyotengenezwa kwa anguko hilo, na apimiwe nafasi iliyo wazi chini yake. Kifaa kikisha kumdaka mtu mmoja, kiondolewe kazini. Na mtu aliyedakwa asiachwe akining'inia wakati watu wanatafuta ngazi, kwa kuwa damu hukusanyika miguuni, akazimia, na dakika chache zaweza kumwua. Mpango wa kumteremsha utayarishwe kabla hajapanda.

Katika nchi za eneo hili sheria si ngeni. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, Uganda mwaka 2006, Kenya mwaka 2007, na Zambia mwaka 2010. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Sheria hizi humtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mtu wake. Lakini karatasi haimdaki mtu anayeanguka. Kinachomdaka ni nanga iliyokaguliwa asubuhi ile ile.

Jambo hili linawahusu askari kwa njia mbili. Kwanza, askari wenyewe hupanda. Wahandisi wa jeshi husimamisha madaraja, watu wa mawasiliano hupanda minara ya redio, na polisi huitwa kwenye mapaa na maghorofa kuokoa wananchi. Katika vikosi ipo tabia ya kuhesabu kamba kama alama ya woga, na mtu anayepanda mikono mitupu husifiwa mbele ya wenzake. Huo si ushujaa. Ushujaa ni kuikabili hatari isiyoepukika kwa ajili ya taifa. Kukabili hatari ambayo kipande cha chuma kingeiondoa ni kulipotezea taifa askari aliyelelewa na kufundishwa kwa gharama ya wananchi. Kamanda anayetoa amri ya kupanda anapaswa kujua nanga iko wapi, kama vile anavyojua risasi ngapi zimo ghalani.

Pili, polisi ndio wanaofika baada ya mtu kuanguka. Mara nyingi hukuta mkandarasi, majirani na hata ndugu wa marehemu wamekwisha kukubaliana kwamba ni bahati mbaya. Huyo marehemu alikuwa kibarua, labda ametoka mkoa wa mbali, na kesho yake mwingine atachukua nafasi yake. Askari akiandika bahati mbaya na kufunga jalada, amewafungia mlango mjane na watoto wanaostahili fidia, na amemfungulia mlango mwajiri ampandishe mwingine kwa namna ile ile. Maswali ya kuuliza ni machache. Je, mkanda ulikuwapo? Kamba ilifungwa kwenye kitu gani? Nani alikikagua, na lini? Vifaa hivyo vishikwe kama ushahidi, kabla ya kutupwa au kubadilishwa.

Siku hizi katika Daraja la Zambezi watalii hupelekwa kutembea kwenye vijia vya chuma chini ya njia ya treni, waone kazi ya mwaka 1905. Kabla ya kushuka huvishwa mikanda na kufungwa kwa kamba, na hakuna anayesema kwamba kufanya hivyo ni woga au ni kupoteza wakati. Ikiwa mgeni aliyelipa ili kutazama chuma hafunguliwi kamba hata kwa hatua moja, kwa haki gani yule anayelipwa ili kukitunza chuma hicho aachwe apande bila kufungwa?

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, nao walikuwa na maana ya radi, gharika na mambo mengine yanayompita binadamu uwezo. Hawakuusema msemo huo ili uwe ngao ya mwajiri bahili, wala kauli ya kumalizia jalada la polisi. Kuanguka kutoka juu ya boriti ni ajali yenye kinga. Kinga hiyo imekwisha kubuniwa, imepimwa, na bei yake haifiki hata kidogo thamani ya maisha ya mtu mmoja. Chuma cha Zambezi kilitiwa nanga mwambani kabla ya kuruhusiwa kwenda mbele. Aliyekiunga, na anayekitunza, hastahili pungufu ya hapo.