Kabati Lina Ufunguo wa Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kinampanda)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi zinazofanyika katika vyuo vikuu. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, naye amekaa karibu yangu saa ikiwa mkononi, kwa hiyo nitajitahidi.

Sisi tulipokuwa wanafunzi hapa, chuo kikuu kwetu kilikuwa mahali pa kuchukulia shahada, kama vile ghala la kijiji lilivyo mahali pa kuchukulia mbolea. Unakwenda, unapanga foleni, unapewa chako, unarudi. Hakuna aliyetuambia kwamba chuo kikuu ni shamba pia, na kwamba yanayolimwa humo ni ya aina nyingi kuliko mazao yote ya nyanda hizi za Iramba. Hayo niliyajua mwaka 1977, nilipopanda basi hadi Manyoni, na kutoka hapo garimoshi hadi Dar es Salaam, nikiwa na sanduku la bati na kiroba cha karanga za mama.

Chuo nilichokikuta Mlimani kilikuwa kimeanza kidogo sana. Tarehe 25 Oktoba 1961 kilifunguliwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojitegemea. Na kutoka katika mwanzo huo mdogo yametoka mambo ambayo ninyi mnayatumia kila siku bila kujua yalikotoka.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo wengi wetu tumeifungua ili kumaliza ubishi, ilitungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya hapo Mlimani, ikatolewa mwaka 1981. Mradi wa Lugha za Tanzania wa chuo hicho hicho ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Mkiifungua mtazikuta humo lugha zetu za huku, Kinyiramba na Kinyaturu na nyinginezo. Na jambo la kujivunia ni kwamba sehemu hii ya nchi, kutoka kwetu kwenda Mbulu na Kondoa, ni mahali pa pekee ambapo jamii kuu zote za lugha za Afrika zinakutana: Wabantu, Wakushi, Waniloti, na wenye lugha za kubofya ulimi kama Wasandawe. Wataalamu wanatoka Ulaya kuja kusikiliza lugha ambazo sisi tulichapwa kwa kuzisema bwenini.

Tena si wataalamu wa lugha tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitumwa vijijini huko kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, wakati bado walikuwapo watu walioviona kwa macho. Mwaka uliofuata, 1969, mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, aliyesoma na kufundisha hapo hapo Mlimani, ukachapishwa. Vita vile vile, lakini kazi mbili. Mwanahistoria anauliza: ilitokea nini? Mtunzi anauliza: mtu hufanyaje neno lake linapokuwa kubwa kuliko yeye? Nawaambia wanafunzi, msiseme kwamba mmoja anafanya kazi na mwingine anacheza. Wote wawili walikuwa wanalima shamba moja.

Na wenzangu wa bwenini mnacheka, kwa kuwa mnajua nitamtaja Euphrase Kezilahabi. Naam. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na marufuku hiyo ndiyo iliyotufanya tuisome kwa mwanga wa kandili chini ya blanketi. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wazee wa ushairi wakachachamaa. Ubishi ule uliendelea miaka mingi. Huo nao ni mmea wa chuo kikuu: ubishi wa watu waliosoma wanachobishania.

Upande wa sayansi, kwa kuwa naona vijana wa mchepuo wa sayansi wameanza kusinzia, nitatoa mifano miwili. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimekuwa kikishirikiana na shirika la APOPO kufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ili kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu. Panya waliofunzwa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Panya huyo huyo tunayemfukuza ghalani!

Mfano wa pili unawahusu ninyi hasa. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, wa shule ya sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi katika jokofu, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza kwa nini, akaambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama, akauliza swali lile lile. Wenzake wakamcheka. Lakini mgeni hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi akaleta habari kwamba ni kweli, ya moto yaliganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na wanasayansi wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Kwa hiyo msidhani kuwa elimu inashuka tu kutoka chuo kikuu kuja shuleni. Mara nyingine swali linapanda kutoka shuleni kwenda huko, mradi awepo wa kuuliza na awepo wa kusikiliza.

Ndugu zangu, hayo yote ni utangulizi. Sasa nataka kuungama.

Katika mwaka wangu wa mwisho, 1980, niliandika tasnifu fupi juu ya njaa zilizowahi kuzikumba nyanda hizi. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Walihesabu kwa njaa, na kila njaa ilikuwa na jina lake. Wakati wa likizo nilikaa wiki sita uani kwa baba yangu mkubwa nikiandika. Alinieleza njaa gani ilitokana na ukame na ipi ilitokana na nzige. Alinieleza mizizi gani ililiwa, ilichemshwa mara ngapi ili sumu itoke, na nani alimpa nani mtama kwa ng'ombe wangapi. Alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa ananikosoa: "Ulivyoandika jana sivyo, nisomee tena."

Nikapata alama nzuri. Nikapata kazi. Nikaja kumsalimu, akaniuliza, "Mwanangu, yale maneno niliyokupa yako wapi?"

Nikamjibu kwa fahari, "Yako Chuo Kikuu, baba, katika kabati la idara."

Akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Na kabati hilo, ufunguo wake anao nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kumletea nakala. Sikuleta. Alifariki mwaka 1984, na hata kama ningeileta, nani angemsomea? Niliiandika kwa Kiingereza, kama tulivyotakiwa. Maneno yake yalikuwa yamesafiri mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuyafuata.

Miaka mingi nimejidanganya kuwa ni jambo dogo. Lakini nikisikia mvua zimechelewa Singida, swali lile linarudi.

Ndiyo sababu leo sikuja mikono mitupu. Hii hapa ni nakala ya kaboni niliyobaki nayo, na hii ni tafsiri yake ya Kiswahili, ambayo nimeifanya kwa mwaka mzima baada ya kustaafu. Majina ya mizizi nimeyaacha kwa Kinyiramba, kama alivyonitajia. Ninaikabidhi kwa Mkuu wa Shule, iwekwe katika maktaba hii, mahali pasipofungwa.

Na ninyi wenzangu mlioketi hapa! Najua miongoni mwetu kuna aliyeandika juu ya alizeti, aliyeandika juu ya malaria, aliyechora, aliyetunga nyimbo, aliyepima udongo. Kila mmoja ana nakala moja chini ya kitanda, inaliwa na mchwa. Naomba ifikapo mkutano ujao kila mmoja ailete, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza alichokipata. Rafu tutaichonga wenyewe.

Nanyi wanafunzi, msisubiri kufika chuo kikuu. Likizo hii kaeni uani na mzee mmoja, mwandike anachojua, kisha mmsomee aliyoyasema. Akiwaambia "sivyo," futeni muandike upya. Hapo mtakuwa mmekwisha kuanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa.