Swali Lililozuia Vita

Somo: Yoshua 22:9–34

Sisi tulio hapa Garissa, kando ya mto Tana, tunawaombea amani ninyi nyote mlio nyumbani, kazini na safarini. Leo tutafakari pamoja juu ya kazi moja ya kiongozi ambayo husahauliwa mara nyingi, nayo ni kuuliza.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Walakini wengi wetu, mara tupewapo cheo, huacha kuuliza. Mzee wa kanisa huona haya kumwuliza kijana. Mwenyekiti huogopa kuonekana hajui. Twadhani kiongozi ni mtu wa kutoa majibu tu.

Tutazame somo letu. Wana wa Reubeni na wa Gadi na nusu ya kabila la Manase, walipokuwa wakirudi kwao ng'ambo ya Yordani, walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Habari zikawafikia ndugu zao. Hao wakadhani kwamba wenzao wamemwasi Mungu, wakakusanyika Shilo tayari kwenda vitani. Lakini kabla upanga haujatoka alani, walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani Eleazari, pamoja na wakuu kumi, wakaulize maana ya jambo lile.

Ni kweli kwamba wajumbe hao walianza kwa maneno makali. Swali lao lilikuwa na lawama ndani yake. Hata hivyo walinyamaza wakasikiliza jibu mpaka mwisho. Wakaambiwa kwamba madhabahu ile si ya kutolea sadaka, bali ni ushahidi, ili siku za baadaye wajukuu wa ng'ambo ile wasije wakaambiwa kwamba hawana fungu katika Bwana. Kumbe hofu ilikuwa pande zote mbili! Wajumbe wakaridhika, wakarudi, na habari za vita zikaisha.

Wapenzi, mambo haya si ya kale tu. Baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, jirani zetu wa Wajir walipigana ukoo kwa ukoo, na watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha. Mwaka 1993 kina mama wachache walikutana. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke Mwislamu. Walianza na soko: wafanye nini ili mama wa ukoo wowote auze na kununua bila kuogopa? Wakaunda kamati ya kuliangalia soko kila siku. Kisha wakawaendea wazee.

Wazee wa koo walipokutana, msemaji hakutoka katika ukoo wenye nguvu. Alikuwa mzee wa ukoo mdogo, naye hakumhukumu mtu. Aliwauliza wenzake wanapigania nini hasa, na ni nani anayepata faida, maana jamaa zao wenyewe ndizo zinazoteketea. Nani angejibu swali hilo kwa kumlaumu jirani yake tu? Mwaka uo huo wazee walikubaliana Azimio la Al-Fatah. Taabu hazikwisha siku moja, lakini njia ya amani ilifunguka. Mama Dekha aliendelea na kazi hiyo mpaka Julai 2011, alipofariki kwa ajali ya gari iliyompata akiwa safarini kuja hapa Garissa.

Lakini tujihadhari, maana si kila swali hutoka kwa Mungu. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, watu wenye bunduki waliwauliza wanafunzi dini yao. Watu 148 waliuawa siku ile, wengi wao wanafunzi. Swali lile halikuulizwa ili kumjua mtu, bali kumtenga. Nasi tuliolia siku ile, tusilibebe swali lilo hilo mioyoni mwetu. Jirani mpya akihamia karibu, neno la kwanza tunalotaka kujua ni lipi? Kama ni mmoja wetu, au kama amefika salama na ana maji?

Basi, ndugu viongozi, yupo kijana ambaye hajaonekana kanisani miezi mitatu. Tukimwendea kama askari, atatupa jibu la kumpa askari. Tukae naye, tumwulize ni nini kinachomzuia, tusimkatize. Na akisema kwamba ni sisi tuliomkwaza, tusikimbilie kujitetea. Anayeuliza akiwa amekwisha kukata shauri moyoni, huyo hajauliza bado.

Bwana wetu Yesu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 12, aliketi hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya, sisi ni nani?

Na tuombe. Ee Bwana, utuondolee kiburi cha kujua yote. Utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Uwakumbuke wote waliofiwa katika nchi hii ya kaskazini mashariki, na kati ya koo zetu na dini zetu uwainue watu wanaouliza ili kuponya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.